Mikayi Hupanda Kwanza

Yule mama wa kikundi nilimchukia kabla hata hajafungua mdomo. Alikuwa muuguzi mstaafu, sote tulimwita Sista, na kila Jumanne mchana alitukalisha kwenye viti vya plastiki nyuma ya duka la fundi cherehani mjini Migori, wanaume kwa wanawake, wote tukiwa tumeacha pombe au tukidai tumeiacha. Chai yake ilikuwa maji ya moto yenye rangi. Sauti yake ilikuwa ile ya kubembeleza watoto wakubali kuchomwa sindano. Neno lake lilikuwa moja, "achilia", na alilitumia kwa kila ugonjwa. Mtu akisema hapati usingizi, achilia. Akisema mkewe amerudi kwao, achilia. Mimi nilikaa karibu na mlango, leso imenifunika miguu, nikijiambia kwamba siku moja nitamrushia kikombe.

Kabla ya kufunga kikao, kila mmoja alitakiwa kutaja kitu alichomwachia mtu mwingine wiki hiyo, kitu ambacho zamani angetaka kukishika mwenyewe. Nilidanganya kila Jumanne. Nilisema nimemwachia mume wangu kuku. Nilisema nimemwachia mke mwenzangu funguo za stoo. Wenzangu walipiga makofi, Sista akatabasamu, na funguo zenyewe zilikuwa shingoni mwangu chini ya blauzi, nimezifunga kwa kamba ya kiatu, zikinikwaruza kifua kila nilipovuta pumzi.

Sista hakuwa mjinga. Siku moja alinifuata mpaka nje akaniambia polepole, "Mama, wewe umeacha chupa ukashika rungu." Nilimwuliza kama amewahi kulewa hata siku moja maishani mwake. Akasema hapana. Nikamwambia basi anyamaze. Nilirudi nyumbani Lambwe nikiwa na hasira, na hasira hiyo, sitaficha, ilikuwa tamu. Ilinipasha moto mahali palepale ambapo pombe ilikuwa ikinipasha.

Hasira yangu huja kwa Kiswahili. Nilizaliwa Migori mjini, katika ploti ya wapangaji wa kila kabila, ambako watoto tulitukanana kwa Kiswahili na kuombana msamaha kwa lugha za mama zetu. Mume wangu ni Mjaluo wa bonde la Lambwe. Alinioa mimi kwanza, kwa hiyo mimi ndiye mikayi, mke mkubwa, na nyumba yangu inatazamana na lango la boma. Miaka mingi baadaye akamleta wa pili, Mkuria kutoka upande wa mpakani, mwanamke mwembamba mwenye mikono ya mwanamume. Kijaluo chake kilikuwa cha kuombea maji tu, na Kikuria changu hakikuwepo kabisa. Tukabaki kugombana kwa Kiswahili, mimi na yeye, na hatukukosa maneno.

Mume wetu hufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Migori. Huja Ijumaa kabla jua halijatua, Jumamosi yote hushinda kanisani, Jumapili anaondoka. Kanisa halijambatiza kwa sababu yetu sisi wawili, lakini kila Sabato anakaa kiti cha nyuma na Biblia magotini. Mila nyingi za baba yake amezitupa, anasema ni za shetani. Moja hajaitupa, na sijui boma karibu nasi lililoitupa: mikayi hupanda kwanza. Mvua ikifika, hakuna mtu wa boma hili anayetia mbegu ardhini kabla yangu. Si lazima nipande shamba zima. Mashimo machache yanatosha, kisha mke wa pili anakwenda kwenye shamba lake. Akinitangulia, amesema mbele ya watu kwamba mimi ni maiti, na chira itafuata, yaani ule ugonjwa wa laana unaomkausha mtu taratibu, na mara nyingi huanza na watoto. Watoto wangu ni watu wazima, wako mbali. Wake ndio bado wadogo.

Sasa uelewe kwa nini nililing'ang'ania jambo hili. Pombe ilikula kibanda changu cha mitumba pale sokoni Rodi Kopany. Ilinivunja meno ya mbele. Ilinifungia simu za watoto wangu, ambao hadi leo nikipiga wanaacha ilie. Lakini hakuna mtu anayelewa mpaka akawa mke wa pili. Nafasi yangu ilibaki pale pale, inatazama lango. Ndiyo mali pekee niliyotoka nayo kwenye nyumba ya matibabu ya walevi kule Migori, hiyo na mfuko wa nguo. Ng'ambo ya kijito chetu anakaa mwanamke anayepika chang'aa, pombe kali ya kienyeji, na moshi wake huonekana kutoka mlangoni kwangu. Nilijua bila kuambiwa na daktari wala Sista kwamba siku nitakayopitwa, nitavuka kile kijito, na safari hii sitarudi.

Na kibaya zaidi, niliamini nimeshapitwa.

Katika miaka yangu ya kulewa sikumbuki kupanda hata mara moja. Nakumbuka mahindi yakiwa yamesimama, marefu, na mimi nimelala chini yake. Nani aliyapanda? Nilipopata akili nilianza kurudi nyuma, msimu baada ya msimu, nikapata jibu moja tu. Yule Mkuria alikuwa ameniruka. Alinihesabu maiti nikiwa hai. Wiki ya kwanza tu baada ya kurudi nilimkuta anachambua maharage nje ya nyumba yake nikamwuliza kwa sauti ya kusikika barabarani, "Miaka yote hiyo nikiwa nimekufa, mlinizika wapi?"

Hakuinua uso. "Sina wakati ya hiyo, Mikayi," akasema, akaendelea na maharage yake.

Kutojitetea kwake nilikuchukua kuwa ushahidi. Mume wangu nilipomwuliza alisema misimu ya kupanda humkuta machimboni, yeye hajui, akafungua Biblia. Basi nikaanza kutawala. Nilifunga stoo kwa kufuli, nikawa napima unga kwa mkono wangu. Niliamua maji yachotwe upande gani wa kijito, kuku walale wapi, sukuma wiki ichumwe jani gani. Nilihamisha kamba ya kuanikia nguo kutoka kwake ikaja kwangu. Alipoosha sufuria nilizirudia, mbele yake. Kila nilipotaka kunywa, na nilitaka kunywa kila siku, nilitafuta kitu cha kuamuru, na nilikipata. Boma lote lilinyamaza nikipita. Nilifikiri hiyo ndiyo heshima.

Walinyamaza pia kwa sababu ya mwendo wangu. Nilitembea polepole, kichwa chini, nguo ndefu mpaka chini, na majirani walisema yule mama siku hizi ana maringo. Hayakuwa maringo. Miguu yangu ilikuwa imekufa kutoka vifundoni kwenda chini. Daktari aliniambia pombe imechoma mishipa ya fahamu, huenda ikapona na huenda isipone. Kama sikutazama chini sikujua mguu uko wapi. Kwenye sakafu ya saruji nilijimudu, na kwenye njia kavu nilijimudu. Sikumwambia mtu yeyote. Mtu akishajua huwezi kusimama, atakushika mkono, na akishakushika mkono anakupeleka anakotaka yeye.

Kisha mvua ikaja, na ardhi ya Lambwe ikageuka ule udongo mweusi unaong'ang'ania kila kinachoukanyaga.

Asubuhi ya kwanza niliamka kabla ya wote. Nilitaka kupanda peke yangu na kumaliza, ili mtu yeyote akitoka nje aone mashimo yangu yamefukiwa tayari. Nilichukua jembe na mahindi kwenye gorogoro, kopo langu la kupimia, nikaingia shambani. Sikufika mbali. Udongo ulishika mguu wa kulia, mimi sikuhisi, mwili ukatangulia. Nilianguka kifudifudi na mahindi yakamwagika mbele yangu. Nikiwa hapo chini, mdomo umejaa tope, hofu yangu haikuwa kuumia. Niliogopa kwamba punje zimegusa ardhi, na mtu akiziona atasema mikayi amepanda kwa kuanguka. Niliziokota moja moja kwa magoti. Nilichokoa tope kwa kucha mpaka nikaridhika kwamba hakuna iliyobaki, kisha nikatambaa mpaka kwenye nyasi za pembeni nikakaa.

Moshi wa ng'ambo ulikuwa unapanda. Nililia, na hakikuwa kile kilio cha machozi mawili cha kwenye kikundi; nililia kwa sauti, na leso mdomoni nisisikike. Nilimtukana Sista, nikamtukana mume wangu na Mungu wake, na yule Mkuria nikampa sehemu kubwa zaidi. Halafu nikarudi nyumbani, nikafua nguo, na watu walipoamka nikawatangazia kwamba hatupandi bado.

"Hii si mvua," nilisema. "Ni mate."

Ikanyesha tena. Nikasema udongo haujalowa chini. Ikanyesha tena, majirani wakapanda, mahindi yao yakaanza kuchungulia, nami nikasema wana haraka, watajuta. Shamba letu lililolimwa vizuri kwa ng'ombe lilianza kuota majani. Jumapili mume wangu alisimama mlangoni na mfuko wake begani, akauliza kama kuna tatizo. Nikamwuliza ni nani mikayi wa boma hili. Akasema ni wewe. Nikamwambia basi aende akachimbe dhahabu yake. Alikwenda. Jumanne hiyo kwenye kikundi nilisema nimemwachia Mungu mvua. Wakapiga makofi.

Siku mbili baadaye mke mwenzangu alikuja mlangoni kwangu asubuhi, jembe begani na ndoo ya mahindi mkononi. Watoto wake walikuwa wamesimama nyuma kwenye mlango wao, hawajaenda shule bado, wakitazama.

"Mikayi, umeamka aje?"

"Nimeamka. Unatafuta nini na jembe kwa mlango yangu?"

"Mvua inaenda kuisha. Majani imeota kwa shamba ni kama hatukulima."

"Ngoja."

"Nimengoja. Hawa watoto watakula hiyo ngoja?"

"Kama umeshindwa, panda!" Nilikuwa nimesimama nimeshika fremu ya mlango, na sauti yangu ilikuwa ile ya sokoni. "Si umezoea? Si miaka yote ulinipita?"

Aliweka ndoo chini. "Nani alikuambia nilikupita?"

"Kwani mahindi ilijipanda?"

"Ulipanda wewe."

Nilicheka. Alingoja nimalize.

"Kila mwaka," akasema. "Mvua ikinyesha nakuja hapa asubuhi. Nakupata umelala hapo kwa mlango, siku ingine hata kitanda hukufika. Nakushika kwa makwapa, nakuvuta mpaka kwa shamba. Unatapika. Unanitusi, unaniita mgeni. Nachimba shimo. Nakuwekea mahindi kwa mkono, halafu nakamata hapa," akashika kifundo cha mkono wake mwenyewe, "natingisha juu ya shimo mpaka uachilie. Ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Nikimaliza nakuuliza, Mikayi, sasa naweza kwenda kwangu? Kwa sababu mama mkwe aliniambia kabla akufe, lazima wewe useme. Na mimi nakaa hapo nangoja useme. Mwaka moja uliniambia nikufe. Nikasema sawa, huyo amejibu. Nikaenda kupanda."

Mtu anayedanganya hupamba, na yeye hakupamba chochote. Nilijua ni kweli kwa sababu ya lile tusi la kumwambia afe. Ni langu kabisa.

"Na mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuwa unapiga kelele." Kisha akanisogelea hatua moja. "Na usifikirie ni mapenzi, Mikayi. Mimi niliogopa chira ishike watoto yangu. Kama ingewezekana nikuache kwa hiyo matope ufe, ningekuacha. Sikudanganyi."

Sikuwahi kumchukia kama nilivyomchukia dakika ile. Ningemsamehe kuniruka. Hili sikujua nilifanyie nini. Ile nafasi yangu ya kwanza, mali yangu pekee, niliyoipigia kelele boma zima, ilikuwa mikononi mwake wakati wote. Yeye ndiye aliyeibeba kwa makwapa msimu baada ya msimu, ikinuka matapishi. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikatafuta kitu cha kuamuru nisikipate.

"Na sasa ni miguu," akasema.

"Miguu gani?"

"Naona vile unatembea. Na siku ya kwanza ya mvua ulianguka pale chini, niliona alama ya magoti yako. Hata mahindi moja hukuacha. Uliokota zote." Akacheka kidogo, mara ya kwanza kumsikia akicheka mbele yangu, na ningempiga kama ningekuwa na miguu. "Sasa, unatembea mwenyewe ama nikuvute?"

Nilifikiria neno la Sista nikalilaani. Nilifikiria ng'ambo ya kijito. Kisha nikavua ile kamba ya kiatu shingoni nikamrushia funguo, nikilenga uso, kwa sababu mbegu yangu ilikuwa stoo na mikayi hapandi mbegu ya mtu mwingine. Alizidaka. Alikwenda akafungua, akarudi na gorogoro langu, na funguo akazivaa mwenyewe ili mikono yake iwe huru.

Aliponishika kwapani sikuuma meno kwa maumivu. Niliyauma kwa sababu mkono wake ulipajua. Vidole vilikwenda moja kwa moja mahali pake, chini ya bega, palepale ambapo kwa miaka nilikuwa naamka na michubuko nisiyojua ilikotoka na nikausingizia ukuta. Alinuka moshi na maziwa. Hakunisaidia kwa upole. Alinibeba kama mtu anavyosogeza gunia analohitaji. Udongo uliponishika mguu alinivuta, ukatoka, tukaendelea. Katikati ya shamba alinisimamisha, akahakikisha nimesimama, akachimba shimo, akanimwagia punje kiganjani.

Nilitaka kufanya sehemu hiyo mwenyewe. Nilikuwa mzima, sijanywa, jua lilikuwa juu, nilikuwa naona kila kitu. Lakini kiganja kilijifunga juu ya zile punje kikawa ngumi, na nilivyozidi kukiamuru kifunguke ndivyo kilivyozidi kukaza. Nilisimama pale nikitazama ngumi yangu. Yeye alingoja, akachoka, akanyoosha mkono kwa mazoea tu akanishika kifundo. Hakutingisha. Aligusa tu, na vidole vyangu vikafunguka. Punje zikaanguka shimoni. Mwili wangu ulikuwa unaukumbuka mkono wake, na kichwa changu hakikuwa na habari.

La pili hivyo, na la tatu hivyo. Akafukia kwa mguu.

Halafu akanipa gorogoro langu, akaniachia, akarudi nyuma, akatazama chini, na sauti yake ikabadilika, ikawa sauti ya mtu anayesema maneno aliyofundishwa.

"Mikayi, sasa naweza kwenda kwangu?"

Matusi yalikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nayo ya kutosha mpaka mavuno, na mpaka leo ninayo, kwa sababu bado simpendi na yeye hanipendi. Lakini alikuwa amesimama hapo na uso chini, kama alivyosimama kila mwaka mbele ya mwanamke asiyeweza hata kumsikia, akingoja.

"Nenda ukapande," nikasema.

Hakuondoka. Alinitazama kama mtu asiye na hakika amesikia nini.

"Nimesema nenda!"

Akaifuata mbio ndoo aliyoiacha mlangoni kwangu, kweli alikimbia, tope likiruka nyuma yake, akiwaita watoto wake kwa Kikuria. Walitoka mbio na majembe madogo, wakaanza kuchimba shamba lao mstari kwa mstari, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Ndipo nilipogundua kwamba amenisahau katikati ya shamba, peke yangu, mbali na nyasi, na gorogoro mkononi. Ningeita angekuja. Sikuita. Nilisimama pale, miguu nisiyoihisi ndani ya udongo, nikamngoja amalize.